The Blob (1958): dude la silikoni lililonishika mpaka mwisho

Naipa filamu hii nyota 4 kwa 5. Ile moja iliyopungua imeliwa na sehemu ya katikati, nitaifikia.

Kimondo kinaanguka karibu na mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani. Mzee anakichokoa kwa kijiti, ute uliomo unamnasa mkononi, na usiku kucha ute huo unakula watu na kunenepa. Hadithi yote ndiyo hiyo. Irvin Yeaworth aliiongoza nje ya studio kubwa kwa takriban dola 110,000, Paramount ikaja kuinunua imeshakamilika. Kwa ubadilishaji wa leo ni kama shilingi milioni 14 za Kenya, ingawa dola ya wakati ule ilinunua vingi zaidi.

Pesa zikiwa chache, zimwi la kuvaa suti ya mpira huonekana mtu aliyevaa suti ya mpira. Hapa waliikwepa shida hiyo kabisa kwa kutumia silikoni iliyotiwa rangi nyekundu. Silikoni ni nzito, hujivuta polepole, haikauki, wala haikatikikatiki kuwa matone. Hilo la matone ndilo kubwa. Mwaga uji mwepesi juu ya kijumba cha maboksi, tone moja tu litatoboa siri kwamba nyumba ni ya kiganjani, kwa sababu jicho linajua ukubwa wa tone.

Kuliendesha dude nako kulitaka akili. Vyumba vilitengenezwa vidogo, kamera ikafungwa pamoja navyo, kisha vyote vikainamishwa kwa wakati mmoja. Silikoni inateremka, lakini kwa kuwa kamera imeinama sawa na sakafu, mteremko hauonekani. Unaona dude linatambaa kwa hiari yake. Kamera ikicheza kidogo tu, chumba kinapinduka machoni na mambo yameharibika. Wenzetu wanaorekodi kwa bajeti ndogo River Road, Nairobi, wanaweza kulijaribu hili kwa kipande cha plaiwudi, skrubu nne na simu yenye kamera nzuri. Nawaomba walijaribu.

Pasipofanikiwa ni pale mkahawa unapofunikwa mzimamzima. Unachokiona ni picha bapa ya mkahawa: silikoni iliwekwa juu yake, ikatikiswa mpaka ikaporomoka, halafu filamu ikachapishwa kinyumenyume ili ionekane inapanda. Ukikaza macho, jengo halina kina hata kidogo.

Tukio bora kwangu ni dogo sana. Steve na Jane, vijana wawili ambao ndio wahusika wakuu, wamejifungia kwenye chumba cha baridi cha duka la vyakula. Ute unapenya chini ya mlango, taratibu, kama unga uliochachuka ukifurika sufuria. Unasita. Unarudi ulikotoka. Pale pale hakuna anayeeleza lolote, ila mtazamaji makini ameshapewa dawa ya dude mapema, na baadaye mitungi ya kuzimia moto yenye gesi baridi inapotolewa, haikushangazi kwa hila. Unajua kwa nini inafaa. Kifo cha daktari nacho kinaonekana kwa nje tu, kupitia dirishani, sekunde chache. Ubahili wa namna hiyo unatisha kuliko damu, na damu kwa kweli karibu haimo.

Kasoro sasa. Steve McQueen alikuwa na miaka 27 wakati wa kurekodi, na anaigiza kijana wa shule. Uso wake unakataa. Katikati, vijana wanabishana na polisi, wanarudi nyumbani, wanatoka, wanabishana tena, na dude halionekani kwa muda mrefu mno. Kisha watu wanapotimka kutoka jumba la sinema la Colonial, mjini Phoenixville, baadhi yao wanatabasamu waziwazi. Hata hivyo tukio linasimama, kwa sababu sekunde chache kabla umeuona ute ukichuruzika kutoka chumba cha projekta, na ukiwa nawe umekaa gizani unatazama skrini, mwili unasisimka.

Ukiitafuta mjini, angalia mwaka kabla ya kujaziwa kwenye flashi. Ipo nyingine ya jina hilohilo ya 1988, yenye bajeti kubwa zaidi na damu tele, na wauzaji huzichanganya. Yako ianze na wimbo mchangamfu wa kuchezeka. Usiuruke, Burt Bacharach ndiye aliyetunga muziki wake. Chagua nakala iliyosafishwa. Kwenye nakala mbovu wekundu unageuka mweusi, na hutaona rangi ya dude ikikolea kadiri linavyokula, jambo ambalo ndilo kipimo pekee cha njaa yake. Zima taa zote, na kama unatumia projekta, shuka jeupe lisiwe na mikunjo, maana mkunjo hukata mstari wa ute na kuupasua vipande.

Inachukua kama saa moja na nusu. Maneno ya kufunga, “The End”, yakitokea juu ya barafu usikimbilie kuzima: ngoja alama ya kuuliza.