Kihispania kwa Language Transfer: uzoefu wangu

Natembeza watalii mbugani, na wageni wa Hispania na Meksiko hufurahi sana ukizungumza nao kwa lugha yao. Majedwali ya vitenzi niliyakariri muda mrefu bila kupata sentensi ya kusema. Kilichonifungua mdomo ni Language Transfer.

Ni kozi ya sauti yenye masomo 90, bure kabisa, inayoendeshwa kwa michango. Mwalimu wake, Mihalis Eleftheriou, anakaa na mwanafunzi, anampa vipande vya lugha, kisha anamtaka aunde sentensi mwenyewe. Nawe unasimamisha rekodi, unajibu kwa sauti, ndipo unasikiliza jibu. Kukariri hataki kabisa. Kwa mfano, unatoka quiero (nataka), unafika quiero comer (nataka kula), mara unasema no quiero comer aquí (sitaki kula hapa).

Kozi inafundishwa kwa Kiingereza, na ushauri wangu mkubwa ni huu: kila sentensi ipime kwa Kiswahili. Te veo ni nakuona. Anayetendwa ametangulia kama kwetu. Kisha ije subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaka na kukataza, inayowatoa watu jasho. Hablas, unasema. Quiero que hables, nataka useme. Ukiamuru ni habla, sema. Ukikataza ni no hables, usiseme. Tazama -a inavyogeuka -e, pale pale tunapoigeuza sisi, katika lugha mbili zisizo na undugu wowote! Vitenzi vinavyoishia -er na -ir huenda kinyume, comes (unakula) ikawa comas (ule), lakini sababu ya kugeuka ni ile ile. Siku hizi no bajen del coche, msishuke kwenye gari, inanitoka bila kuwaza jedwali.

Kwenye ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", Kiswahili hukufikisha nusu ya njia. Soy de Arusha, mimi ni wa Arusha. Estoy en Arusha, niko Arusha. Safi. Lakini estoy cansado ni nimechoka, na hapo hakuna mkato, ni kusikia sentensi nyingi tu.

Majina ya wanyama na maneno ya kazi nilijitafutia mwenyewe. Anayetaka DELE, cheti cha kujua Kihispania kinachotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kukuza lugha hiyo, ajue mtihani una kuandika pia, na hii ni kozi ya masikio na mdomo. Kwa madereva na waongoza watalii wenzangu, naipendekeza kwa moyo wote. Wana kozi ya Kiswahili pia; wageni wakiuliza wajifunzie wapi, nawaelekeza huko.