Hom thieta ya shilingi 45,000 Kisumu: pesa iende kwa spika, si kwa wati za kartoni

Kabla ya kulipia wufa yoyote kwenye maduka ya Oginga Odinga Street, mwombe muuzaji aigeuze. Mbele ya kartoni pameandikwa kwa herufi kubwa wati 10,000 PMPO. Nyuma, panapotokea waya wa stima, pana kibandiko kidogo, na mara nyingi kinasema kitu kama 220–240V, 50Hz, 60W. Hicho ndicho cha kusoma. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakina mahali pa kutoa wati elfu. Ukiondoa zinazopotea kwa joto, spika zote zinagawana labda 40. PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua ambacho kila kiwanda hujipimia kinavyopenda. Kipimo cha kulinganishia ni RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo, na kisipoandikwa popote, chukulia kuwa hakivutii.

Tazama pia matundu. Wufa nyingi zinazouzwa kama 5.1 zina RCA mbili tu, nyekundu na nyeupe, pamoja na USB na bluetooth. Hapo spika zote tano zinapiga sauti ileile ya pande mbili. Sauti ya 5.1 ya kweli huingia kwa HDMI, kwa optiki, kwa koaksi ya dijitali, au kwa RCA sita kutoka kwa DVD ya zamani. Kwa ohangla, benga na taarifa ya habari, wufa ya kartoni inatosha kabisa. Kwa filamu haifai: besi inanguruma na mazungumzo hayasikiki, kwa sababu spika iliyo katikati haipewi sauti za watu peke yake.

Hom thieta za mtumba zenye DVD ndani, zile za kampuni kubwa, zinavutia kwa bei lakini ziache. Spika zake nyingi ni za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 3 au 4 na plagi zake ni za kipekee. DVD ikifa umebaki na spika zisizofaa kuunganishwa na risiva, yaani amplifaya inayoendesha spika zote, iliyotengenezewa omu 6 hadi 8. Ukilazimisha, risiva itajizima kila ukipandisha sauti, au itaungua. Saundiba, ile spika ndefu ya kuweka chini ya runinga, ni afadhali. Yenye HDMI ARC (tundu linalorudisha sauti kutoka kwenye runinga) na wufa yake ya pembeni inamfaa anayeishi chumba kimoja na asiyetaka waya sakafuni. Kasoro yake ni kwamba nyingi haziongezewi spika, na bodi ikifa ni vigumu kupata kipuri.

Kwa shilingi 45,000, chaguo letu ni vipande vya eks-UK, yaani mtumba wa kutoka Uingereza, vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Tungegawa hivi: risiva isizidi 15,000, jozi ya mbele 10,000, spika ya kati 6,000, sabwufa 12,000, na 2,000 za waya. Spika za nyuma zisubiri. Pesa zisipotosha, punguza kwa risiva kwanza, usipunguze kwa spika.

Eks-UK ina faida ya wazi: Uingereza hutumia volti 230 (karibu sawa na 240 yetu), Hz 50 na plagi ya miguu mitatu bapa kama yetu. Risiva iliyotoka Japani ni ya volti 100 na ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 240 bila transfoma ya kushusha, fyuzi itaruka ukiwa na bahati. Bila bahati, transfoma ya ndani inaungua. Kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma hata kama muuzaji ameapa.

Usilipie zaidi eti kwa sababu risiva inapitisha picha ya 4K. Picha si lazima ipite humo. Chomeka dekoda moja kwa moja kwenye runinga, kisha sauti irudi kwa risiva kupitia ARC, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Hivyo risiva ya umri wa miaka kumi na zaidi inafanya kazi yote unayoihitaji, mradi tundu lake la HDMI OUT liwe na herufi ARC. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanachomeka waya kwenye HDMI IN ya risiva, hawasikii kitu, wanairudisha dukani. Waya unatoka tundu la runinga lililoandikwa ARC kwenda HDMI OUT ya risiva. Washa CEC (mpangilio unaoruhusu vifaa vya HDMI kuwasiliana) pande zote mbili, halafu kwenye mipangilio ya sauti ya runinga ondoa PCM, weka Bitstream au Pass Through, ili runinga ipitishe sauti ya 5.1 bila kuigeuza. Ukicheza filamu yenye 5.1, kioo cha risiva kiandike Dolby Digital au Dolby D+. Kikiandika PCM au Stereo, runinga bado inabana sauti kuwa ya pande mbili. Risiva isiyo na ARC itumie waya wa optiki, ila uijaribu na runinga yako kwanza, maana baadhi ya runinga hutoa stereo tu kwenye tundu hilo.

Dukani, dai nusu saa ya kuijaribu. Ukiiwasha, baada ya sekunde chache lazima usikie "tak" ya rilei, swichi ya ndani, ikiunganisha spika. Ikinyamaza, au ikaandika PROTECT (imejizima kujikinga na hitilafu), ondoka. Ingia kwenye menyu utafute sauti ya majaribio, ile ya "shshsh" inayozunguka spika moja baada ya nyingine, na uhamishe spika moja kwenye kila tundu ili uwe na hakika chaneli zote ziko hai. Zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikiruka namba au kukwaruza, kimechakaa. Mulika tochi ya simu kwenye matundu ya juu uone kama kuna mende au kapasita zilizovimba kichwa. Rimoti iwepo, kwa kuwa risiva nyingi haziingii mipangilio bila hiyo. Maikrofoni ya kupimia chumba ikiwepo pia, hiyo risiva inastahili kuongezewa elfu moja.

Kwa spika, namba ya kutafuta ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 91 inafikia kwa wati 10 kile ambacho ya 85 inakifikia kwa wati 40, kwa sababu kila desibeli 3 zinataka nguvu maradufu. Koni ya inchi 5¼ au 6½ inatosha sebule ya futi 12 kwa 14. Kisha tumia vidole: bonyeza koni kwa upole pande mbili kwa pamoja. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Gusa ukingo wake. Ukiwa wa sponji, joto na unyevu wa huku ziwani huulainisha hadi unamomonyoka kama keki kavu, mara nyingi spika ikionekana nzima kwa mbali. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Fundi hodari anaweza kubandika ukingo mpya, kwa hiyo usiikatae spika nzuri. Toa tu gharama hiyo kwenye bei.

Spika ya kati itafute ya kampuni na aina ileile ya zile za mbele, ili sauti ya mtu isibadilike anapovuka skrini. Ukiikosa, weka Center: None kwenye risiva. Spika mbili nzuri za mbele zitatengeneza sauti ya katikati kwa anayekaa katikati, na hilo ni bora kuliko spika ya kati ya kubahatisha.

Sabwufa iwe na stima yake na amplifaya yake ndani. Ile ya kartoni isiyo na waya wa ukutani haiunganiki na tundu la SUB OUT, kwa sababu tundu hilo linatoa ishara tu, si nguvu. Kwenye menyu ya risiva, spika zote ziwekwe Small, na mpaka wa kuhamishia besi kwa sabwufa uwe Hz 80. Kupata mahali pake, iweke kwanza juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi, kisha utambae ukutani; pale besi inaposikika safi bila kuvuma, hapo ndipo pake. Katika nyumba za kukodi zenye ukuta mmoja na jirani, weka kipande cha godoro kizito chini yake.

Waya ununue kwa mita kwenye duka la umeme: milimita mraba 1.5 kwa spika za omu 8 hadi mita 10, na 2.5 ukizidi hapo. Kwaruza ncha kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na inazuia umeme takriban mara moja na nusu ya shaba tupu. Nyuzi za ncha zisokote vizuri. Uzi mmoja ukigusa tundu la jirani, risiva inaingia PROTECT hata kama ni nzima. Plasi kwa plasi, vinginevyo besi inapotea.

Chini ya mabati yasiyo na siling'i, juu ya simenti tupu, hata mfumo mzuri utatoa mwangwi, kwa hiyo kapeti na pazia nzito ni sehemu ya bajeti. Risiva ipewe sentimita 10 za hewa juu yake, na isiwekwe dirishani ambako sami, wale wadudu wadogo wa ziwa, huingia usiku kufuata taa.

Halafu kuna radi. TV guard nzuri, kile kifaa cha kulinda vyombo na stima, italinda dhidi ya stima inayopanda na kushuka, na itachelewesha umeme unaporudi, lakini haizuii radi. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa plagi, na uchomoe pia waya wa dishi nyuma ya dekoda. Wengi huusahau huo wa pili: radi huingia kwa dishi, ikapita dekoda na waya wa HDMI hadi kwenye runinga na risiva, zote zikiwa zimezimwa.