Tahadhari Lubumbashi: wauza "magnesiamu ya moyo" wenye mashine ya kushika mkononi

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa ninyi mlio na mama, baba au yaya (dada au kaka mkubwa) mwenye ugonjwa wa moyo, someni hili kabla hamjatoa hata franka moja. Kuna watu wanaotembea mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo wakiuza makopo ya unga mweupe. Wanauita magnesiamu, yale madini yaliyomo mwilini na kwenye chakula, na kudai unanyoosha moyo unaopiga ovyo. Mwezi uliopita walimpata mama yangu mkubwa. Leo yuko nyumbani, anakula na kuongea vizuri, lakini amelala hospitali siku sita. Unga peke yake usingemfikisha huko. Kilichomfikisha ni neno walilomwambia: aache dawa zake.

Mama mkubwa ana miaka 61. Tangu 2021 anajulikana kuwa na fibrilasio. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kubana, kwa hiyo mapigo yanakosa mpangilio, mara yanakimbia, mara yanaruka. Damu ikituama ndani ya vyumba hivyo inaweza kuganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani, hapo ndipo kiharusi. Daktari alishatueleza kwamba mtu wa hali hii ana hatari ya kiharusi karibu mara tano kuliko mwenzake. Ndiyo maana anameza bisoprololi ya kutuliza mwendo, warfarini ya kuzuia damu isigande, na furosemidi ya kutoa maji miguuni. Kwa dawa hizo alikuwa anakwenda sokoni kwa miguu yake na kurudi na kapu lake.

Jirani ndiye aliyempeleka, kwa nia njema kabisa, simlaumu. Ni chumba cha kupanga, watu wamevaa koti jeupe, juu ya meza kuna kompyuta na kisanduku kidogo chenye waya. Mwisho wa waya kuna kipande cha chuma, kinene kama gunzi la mahindi. Unaulizwa jina, umri, uzito, mwanamume au mwanamke, halafu unashikishwa kile chuma kwa dakika moja hivi. Kisha kompyuta inatoa kurasa na kurasa: ini, figo, mifupa, macho, kila kitu kina rangi yake. Mama mkubwa akaonyeshwa mstari mwekundu. Yule kijana akamwambia hivi, na maneno haya ameyarudia mbele yangu mara nyingi: "Mama, moyo yako iko na njala ya manyezium. Ile dawa ya lupitalo acha kwanza, inachokesha moyo."

Kipimo franka elfu kumi. Makopo matatu, dola 135. Hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba.

Nilikwenda mwenyewe baadaye, yeye akiwa bado kitandani hospitali, pamoja na mdogo wangu wa kiume wa miaka 19. Nikasema tunataka kuona tena kipimo cha mama. Msichana aliyekuwa mezani akafungua jina lake, ambalo bado lilikuwa kwenye kompyuta, na huku anaongea na simu akamnyooshea mdogo wangu kile chuma. Akakishika. Dakika moja ikapita, karatasi zikatoka: mtu huyu ana upungufu wa magnesiamu, na mji wake wa mimba una kasoro. Mashine ilikuwa inasoma yaliyoandikwa kwenye kompyuta. Mkono wa aliyeshika chuma haikuujua kabisa. Nina karatasi zote mbili, ile ya mama mkubwa na hii ya mdogo wangu, na kila anayetaka kuziona nitamwonyesha.

Hebu tuelewane juu ya hili, maana ndipo watu wanapokamatwa. Mwili wa mtu mzima una magnesiamu kama gramu 25. Zaidi ya nusu imekaa kwenye mifupa, na iliyomo ndani ya damu haifiki hata asilimia moja. Ili kujua kiasi chake unatolewa damu kwa sindano, inapelekwa laboratwari, na hata hapo daktari anasoma jibu pamoja na dawa unazomeza na hali ya figo zako. Hakuna chuma cha kushika kinachoweza kuona hayo.

Sasa yaliyotokea. Siku ya nne akaanza kuhara. Akawapigia simu, wakamjibu kwamba uchafu unatoka, aendelee. Magnesiamu nyingi huvuta maji tumboni, ndiyo maana baadhi ya aina zake hutumika kama dawa ya kulainisha choo. Hakuna uchafu wowote uliokuwa unatoka. Maji na chumvi za mwili ndivyo vilivyokuwa vinatoka. Bisoprololi na warfarini alikuwa ameacha, lakini furosemidi aliendelea nayo kwa sababu anaogopa miguu kuvimba, na furosemidi nayo inatoa kwenye mkojo potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji ili upige vizuri. Kwa hiyo potasiamu ilikuwa inamtoka kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Usiku wa siku ya nane akaniamsha saa nane. Ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika ukuta, hawezi kulala chali. Nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake nihesabu mapigo, nikashindwa. Yalikuwa kama mvua ya kwanza juu ya bati: matone matatu pamoja, kimya, tena mengi. Mimi ni fundi wa kushona, sijui mambo ya uganga, lakini nilijua kwamba hatungoji asubuhi.

Hospitali walimpiga elektro, kile kipimo cha umeme wa moyo: mapigo 148 kwa dakika. Potasiamu ilikuwa 2.9, na ya kawaida inaanzia 3.5. Daktari akauliza kwanza juu ya figo, akaagiza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na jibu lilipokuja zuri akashusha pumzi mbele yetu. Alitueleza kwamba figo ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi. Zikiwa zimechoka, inajazana: tansio (presha ya damu) inashuka, misuli inalegea, moyo unapunguza mwendo na unaweza kusimama kabisa. Fikirini ni wazee wangapi wenye tansio na sukari, ambao figo zao zimeshachoka bila wao kujua, wanaopita mbele ya meza ile.

Na huyo daktari hakuikataa magnesiamu, jambo ambalo nataka lisomwe vizuri. Ni dawa ya kweli. Kuna mwendo mbaya wa moyo ambao hospitali wanautibu kwa sindano ya magnesiamu. Akina mama waliopatwa na degedege la mimba nao wanaijua sindano hiyo. Tena mtu anayemeza dawa za kukojosha, au omeprazoli, ile ya asidi ya tumbo, kwa muda mrefu, magnesiamu yake inaweza kupungua kweli, na ikipungua moyo unaruka, hata potasiamu ukimpa haikai vizuri mpaka kwanza hiyo irudishwe. Mama mkubwa mwenyewe alipewa kidogo pale wodini, baada ya damu kupimwa, kwa kipimo, huku anachunguzwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoipigia kelele.

Angalieni hesabu ya kopo lenyewe. Limeandikwa oksidi ya magnesiamu, miligramu 500 kwa kijiko, vijiko vitatu kwa siku. Katika oksidi hiyo, magnesiamu yenyewe ni kama asilimia 60. Vijiko vitatu ni karibu miligramu 900. Mwanamke wa umri wake anahitaji kama 320 kwa siku, na hiyo ni pamoja na chakula chote. Marekani, kikomo cha mtu mzima kwa magnesiamu ya vidonge na unga, ukiacha chakula, ni 350.

Walimpa na karatasi ya chakula. Aache bukari (ugali), na asubuhi na jioni anywe glasi ya maji ya lengalenga (mchicha) na matembele mabichi yaliyosagwa. Ukiisoma unaona ni ushauri mzuri, nani anakataa mboga? Ila mboga za majani zina vitamini K nyingi, na warfarini inafanya kazi kwa kuizuia vitamini hiyo hiyo. Mtu wa warfarini haambiwi aache sombe (majani ya muhogo) wala lengalenga. Anaambiwa ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, na akitaka kubadilisha amwambie daktari ili damu ipimwe upya. Kujimwagia glasi mbili kwa siku ghafla ni kuipunguzia dawa nguvu bila mtu kujua.

Kama ni chakula chenye magnesiamu, tunacho sokoni bila dola 135: karanga, maharage, mbegu za maboga, lengalenga iliyopikwa, na bukari ya unga usiokobolewa, kwa sababu magnesiamu nyingi ya mahindi inaondoka pamoja na pumba na kiini. Mama mkubwa ameambiwa apunguze chumvi, kwa hiyo bitoyo, samaki wa chumvi, tunailoweka na kumwaga maji mara mbili, na siku nyingine tunaiacha. Na wenye moyo unaoruka, lutuku iacheni. Pombe kali inaweza kuuamsha ugonjwa huo usiku ule ule.

Nirudi kwenye kopo. Chini yake kuna kibandiko cha tarehe ya kuisha: 11/2027. Pembe moja ilikuwa imeinuka kidogo. Nikaikwaruza kwa ukucha, ikabanduka yote, na chini yake, kwenye plastiki yenyewe, imechapwa 03/2023. Makopo yote matatu ni hivyo hivyo. Hakuna jina la kiwanda wala namba ya loti. Kama unalo nyumbani, geuza, kwaruza.

Na kama mzazi wako ameshaanza kuutumia, usimgombeze, atakuficha. Muulize kwa upole ni dawa gani za hospitali ameziacha na tangu lini, chukua kopo pamoja na vidonge vyake vyote, mwende kwa daktari leo. Asijirudishie mwenyewe dawa aliyoiacha kwa kuongeza dozi. Akiwa anahema, kifua kinabana, amezimia, mdomo umepinda au mkono umelegea, hapo ni hospitali moja kwa moja, saa yoyote.

Chumba chao cha Kenya kimefungwa tangu Jumamosi. Mwenye nyumba anasema walipakia meza na kompyuta kwenye taksi, wakasema wanahamia Ruashi. Watu wa Ruashi, waambieni wazee wenu.