Mbps 38 na bado "hallo, hallo": uzoefu wangu na vipima kasi

Nafundisha Kiswahili kwa video nikiwa nyumbani Kimara, kwa ruta ya laini ya simu. Kila ikifika saa mbili usiku mwanafunzi wangu aliyeko Ujerumani anaganda mdomo wazi. Nikapima kasi ya intaneti kwa Speedtest ya Ookla: Mbps 38, yaani megabiti 38 kwa sekunde. Nikajisemea, basi tatizo liko kwao.

Kumbe nilikuwa nasoma namba kubwa tu. Speedtest ukiiacha ichague yenyewe inakwenda kwenye seva (kompyuta ya kupimia) ya karibu, kwangu hapahapa Dar, na darasa langu haliishii Dar. Nikabadilisha seva, nikachagua Frankfurt. Pingi, yaani muda wa kusubiri jibu, ikaruka kutoka milisekunde 30 hadi 190. Hilo ni la umbali, halina wa kulaumiwa.

Kilichonifumbua macho ni Fast.com ya Netflix. Ukiifungua tu inaanza kupima. Sasa bonyeza maelezo zaidi: utaona muda wa kusubiri jibu laini ikiwa imetulia, na ikiwa imebeba mzigo. Yangu ilitoka milisekunde 60 ikafika 900. Karibu sekunde nzima! Yaani mtoto akifungua katuni sebuleni, sauti yangu inapanga foleni nyuma ya katuni.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Dada, zima ruta, hesabu hadi kumi, uwashe." Nimehesabu hadi kumi kuliko mtoto wa chekechea.

Nikaazima laini ya jirani, ya mtandao mwingine. Ruta ileile, dirisha lilelile, saa mbili ileile. Kasi Mbps 11 tu, lakini pingi chini ya mzigo haikuvuka milisekunde 140. Video ya darasa haifikishi hata Mbps 4, hizo 38 zilikuwa za mapambo. Nikahama.

Angalizo kwa wa bando: vipimo vinakula. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo Mbps 38 ni karibu MB 5 kila sekunde. Sekunde kumi za kupakua zinaondoka na kama MB 50, bado kupandisha. Mimi nilipima asubuhi, mchana na usiku, bando la wiki likakata Alhamisi.

Speedtest naipa nyota nne, kwa kuniachia nichague seva. Fast.com tano. Ile laini ya Mbps 38 nimemwachia mtoto, aangalie katuni zake.