Sakafu ya boti ya alumini: plaiwudi au bati?

Marekani, wavuvi wengi wa maziwani hununua boti ndogo bapa ya alumini, ya futi 14 hivi, kisha huijengea wenyewe nyumbani sakafu ya kusimamia. Swali la kwanza huwa lilelile: plaiwudi au bati la alumini?

Plaiwudi ni rahisi kufanyia kazi. Msumeno, drili na skrubu vinatosha, na ukikosea kipimo hasara si kubwa. Lakini maji huingilia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya skrubu, kwa hiyo paka epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu na kuzuia maji) pande zote, hasa hapo, kabla ya kubandika zulia. Na usithubutu kutumia mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza! Nyingi zina shaba, na shaba ikigusana na alumini palipo na unyevu, alumini huliwa polepole mpaka inatoboka.

Bati ni ghali, lina kelele, na juani huchoma nyayo. Wala halipunguzi uzito kama wengi wanavyodhani: la milimita 3 lina kilo 8 hivi kwa mita ya mraba, na plaiwudi ya milimita 12 haiko mbali na hapo. Ila halinyonyi maji, halivimbi, haliozi. Lifunge kwa ribiti za alumini.

Kwa boti inayolala nje kwenye mvua, mimi nachagua bati. Kwa vyovyote vile, usiling'oe povu gumu lililo chini ya viti. Ndilo linalofanya boti ielee hata ikijaa maji. Na sakafu usiipandishe sana, boti itayumba mvuvi akisimama kurusha ndoano.