Hati ya nyumba kwenye ofisi ya kaunti Marekani: karani hukagua karatasi, hakagui umiliki

Aliyezoea ofisi za ardhi za Kenya au Tanzania hufika kwenye dirisha la kaunti ya Marekani akitegemea kukutana na msajili atakayefungua jalada, ahakikishe nani mwenye mali, kisha atoe hati mpya. Kule mambo ni mengine. Hati unaiandaa wewe au wakili wako. Karani anaangalia kama imetimiza masharti ya uandishi, anaipiga picha, anaigonga namba, tarehe na saa, anaingiza majina kwenye faharasa, halafu anakurudishia karatasi yako. Kama aliyetia sahihi hakuwa mmiliki, au nyumba ina deni la benki, karani hahusiki. Kwa kazi hiyo finyu, huduma ni ya kusifiwa: ya haraka, ya wazi, na bei zake zinajulikana mapema. Anayetaka kujua kama mali ni safi akafanye upekuzi kabla ya kulipa pesa, kupitia wakili au kampuni ya bima ya umiliki, yaani bima inayomlinda mnunuzi umiliki ukionekana una kasoro.

Kwanza ujue ofisi yenyewe, maana jina hubadilika. Florida, kaunti nyingi hutumia karani wa mahakama. Kaunti ya Cook, ambako ndiko Chicago, ofisi ya hati ilivunjwa Desemba 2020 na kazi ikahamia kwa karani wa kaunti. Connecticut, Rhode Island na Vermont hazitumii kaunti kabisa, hati hupelekwa kwenye mji. Kaunti inayotakiwa ni ile nyumba iliko, si unakoishi.

Florida ni mfano mzuri kwa sababu ada za kusajili zimewekwa na sheria ya jimbo. Ukurasa wa kwanza ni dola 10, kila unaofuata dola 8.50, kwa hiyo hati ya kurasa 3 ni dola 27. Kisha inakuja kodi ya stempu: senti 70 kwa kila dola 100 za bei (kaunti ya Miami-Dade ina viwango vyake). Nyumba ya dola 300,000 inalipiwa dola 2,100. Hapa ndipo wengi wanaompa ndugu nyumba "bure" hujikwaa. Mali ikiwa na mkopo, salio la mkopo huhesabiwa kama bei, kwa kadiri ya sehemu iliyotolewa. Deni likiwa dola 120,000 na ukampa mwanao nusu, kodi inahesabiwa juu ya dola 60,000, yaani dola 420. Ukituma hundi ya dola 27 tu, bahasha yote inarudi.

Huko huko Florida, umbo la karatasi nalo lina masharti yake. Kona ya juu kulia ya ukurasa wa kwanza iachwe tupu inchi 3 kwa 3, na kurasa zinazofuata inchi 1 kwa 3, kwa ajili ya mhuri wa karani. Mashahidi wawe wawili. Notari, yaani afisa aliyeidhinishwa kuthibitisha sahihi, anaweza kuwa mmoja wao. Chini ya kila sahihi jina lichapwe, na aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake. Tangu Januari 2024 anwani za mashahidi nazo zinatakiwa, ndiyo maana fomu za zamani zinazozagaa mtandaoni ni hatari: zina mistari miwili ya mashahidi bila nafasi ya anwani.

Sehemu ya notari ikague neno kwa neno kabla hajaondoka. Jimbo na kaunti zinazoandikwa pale ni za mahali ulipotia sahihi, hata kama nyumba iko kwingine. Mhuri uliofifia, au uliopigwa juu ya maandishi, hausomeki kwenye picha. Mwenye mali aliye Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuthibitisha sahihi kwenye ubalozi wa Marekani kwa miadi, dola 50 kwa kila mhuri, na mashahidi aende nao mwenyewe.

Kwa watu wetu, kosa linaloumiza zaidi ni la jina. Faharasa hupangwa kwa jina la mwisho. Mtu aliyenunua nyumba kama Ali Juma Hassan, kisha akatoa hati kama Ali Juma, anaonekana kwenye kumbukumbu kama watu wawili, na mnyororo wa umiliki unakatika. Dawa yake ni kuandika jina lilivyo kwenye hati ya zamani, kisha kuongeza kwamba ndiye pia anajulikana kwa jina la sasa. Maelezo ya kiwanja nayo yanakiliwe yote kutoka hati iliyotangulia: namba ya kiwanja, kitalu, kitabu cha ramani na ukurasa. Anwani ya mtaa haitoshi. Tarakimu moja ikikosewa haifutwi. Inabidi kusajili hati nyingine ya kusahihisha.

California ina yake: pamoja na hati weka fomu ya awali ya mabadiliko ya umiliki, la sivyo unaongezewa dola 20.

Kwa hati moja, dirishani ndiko bora kuliko posta. Kasoro ndogo unaelezwa papo hapo na unatoka na namba mkononi, wakati bahasha yenye kosa huenda na kurudi huku nafasi yako kwenye foleni ya sheria ikibaki wazi. Jambo hilo si dogo: North Carolina, kati ya wanunuzi wawili wa mali moja, hushinda aliyetangulia kusajili. Kutuma kwa mtandao ndiko kwepesi kuliko kote, ila kwa kawaida hupitia wakala na ada yake huongezeka.

Wiki chache baadaye huenda ikaja barua yenye sura ya kiserikali ikidai malipo ili upate "nakala ya hati". Itupe. Nakala kwa karani wa Florida ni dola 1 kwa ukurasa, na kuithibitisha dola 2. Badala yake, jiandikishe kwenye huduma ya bure ya taarifa, ambayo Florida imekuwa lazima kwa kila kaunti tangu Julai 2024: hati yoyote ikisajiliwa kwa jina lako, unapata ujumbe. Jiandikishe kwa kila namna jina lako linavyoandikwa.