Seva ya bei poa, mpaka walipotaka bili yangu ya umeme

Zamani mtu akiniuliza apandishe wapi bekendi ya app yake, yaani ile sehemu inayokaa kwenye seva, kwa bei rahisi, nilimtajia kampuni moja hapohapo bila kufikiri. Siku hizi namuuliza kwanza: mita ya umeme ya kwenu ina jina la nani? Anadhani natania.

Kampuni yenyewe siitaji. Ni ya huko Ulaya, haimo katika zile kubwa tatu, Amazon, Microsoft na Google, na sifa zake kila mtu anaweza kuzisoma mwenyewe. Ninalotaka kusema halimo kwenye ukurasa wao wa bei.

App yangu ni ya vikoba. Makatibu wanaingiza hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii. Hela yenyewe haipiti kwangu, inakaa kwenye sanduku lao. Mzigo ni mdogo: siku za wiki seva inasinzia tu, Jumamosi mchana na Jumapili watu wakitoka kanisani ndipo inapata kazi. Kwa mzigo huo hakuna haja ya kulipa bei ya mabenki. Seva ndogo ya API, yaani mlango ambao app inapitia kuomba data, databesi ya Postgres (programu ya kutunza data) inayosimamiwa na wao wenyewe, bekapu ya kila siku, basi. Nilivipata vyote, bekapu kwa nyongeza kidogo, na jumla yake ililipika kwa ada ndogo ninayovitoza vikundi vya Mbagala na Gongo la Mboto.

Huduma za bure za kupandishia app nilishazipitia. Heroku walifunga mpango wao wa bure Novemba 2022 na wengi wetu tukahama na virago vyetu. Supabase wana mpango wa bure mzuri sana wa kujifunzia, ila mradi usioguswa kwa wiki moja wanausimamisha mpaka uingie uuamshe. Sasa kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki kikiahirisha kikao kwa sababu ya msiba, mradi umeshalala. Databesi ya bure ya Render ina tarehe ya mwisho. Wote wameandika wazi, hawamdanganyi mtu. Ndiyo maana nikaamua kulipa: nilitaka kuwa mteja, si mgeni.

Kuhusu umbali, watu wanasumbuka bure. Kwenda Ujerumani na kurudi ni zaidi ya milisekunde mia, na katibu anayeandika hisa za watu thelathini hawezi kuiona tofauti hiyo, ilimradi API na databesi vikae jengo moja na visiongee kutoka bara hadi bara. Amazon wana seva Cape Town tangu 2020, Microsoft wanazo Johannesburg tangu 2019 na Google tangu 2024, lakini bili zao zikishajumlishwa si za kikoba. Halafu kumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Tanzania nzima ikawa inatafuta mtandao: zilikatika hukohuko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Seva ya Cape Town isingekuokoa siku ile.

Kwa hiyo nilikuwa nimeridhika. Siku hizo ningeandika maoni haya, zingekuwa nyota tano na salamu juu.

Ikaja Desemba. Vikundi vyangu vingi huvunja kikoba Desemba, yaani mwaka mzima wa hisa unapigiwa hesabu na kila mtu anaondoka na chake. Hakuna siku nyingine app ile ina maana kuliko siku hiyo. Wiki hiyohiyo kampuni ikajaribu kunikata malipo ya mwezi kwenye kadi yangu ya mtandaoni, ile ya kwenye simu, usiku ambao mtandao wa simu ulikuwa kwenye matengenezo. Hela ilikuwemo. Kadi ikakataa. Asubuhi nikaingia, nikabonyeza kulipa upya, hela ikatoka, risiti ikaja kwenye imeili. Na akaunti ikabaki imefungwa, kwa sababu malipo yaliyokataa kisha yakakubali yalikuwa yameamsha uhakiki wao wa kuzuia utapeli.

Soma tena hapo. Hela wamechukua, risiti wametoa, mlango wamefunga.

Saa nane mchana simu ya katibu wa kikundi kimoja cha Mbagala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii app yako inazunguka tu, na watu wameshakaa. Mgeni rasmi naye kafika."

Nikamwambia nashughulikia. Nikamsikia anawageukia wenzake: "Anasema anashughulikia." Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko ambacho hakikunipendeza.

Nikafungua tiketi. Nikajibiwa na roboti, halafu nikapata mtu. Sijui alikaa nchi gani, jina lake silitaji, ila maneno yake ninayo kwa kichwa. Alitaka picha ya kadi mbele na nyuma. Nikamweleza kadi ni ya mtandaoni, haishikiki. Akasema basi tuma bili ya umeme au ya maji ya miezi mitatu ya karibuni, yenye jina lako na anwani yako. Nikamweleza kwetu umeme ni wa LUKU, tunanunua kwanza ndipo tunatumia, hakuna bili. Kinachokuja ni meseji yenye tokeni na namba ya mita, na mita ina jina la baba mwenye nyumba. Nikamtumia picha ya meseji hata hivyo. Nikamtumia kitambulisho cha NIDA. Nikampigia picha kibao cha namba ya nyumba kilichobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi la 2022, jina la mtaa na namba vyote vinasomeka.

Akanijibu: "Tafadhali tuma anwani halisi."

Halisi! Nimesimama juani mbele ya nyumba ninayolala, nimepigia picha kibao cha serikali, mtu aliye kwenye kiti cha kuzunguka ananiambia ninapoishi si mahali halisi. Nikamwandikia: basi usinifungulie, niruhusu tu nipakue databesi, au hata bekapu ya jana, ambayo nailipia pembeni. Akasema wakati wa uhakiki haiwezekani, na akanibandikia kiungo cha masharti ya huduma. Nikamuuliza kama anaelewa kuna watu wamekaa wanasubiri. Akasema anaelewa kufadhaika kwangu. Akafunga tiketi, ikaandikwa "imetatuliwa".

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu, ili asiwepo mmoja wa kuamka vibaya akalifunga peke yake. Kina mama wasiojua Postgres ni mnyama gani walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Seva yangu, databesi yangu na bekapu yangu vyote vilikuwa chini ya ufunguo wa kijana mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake iishe.

Kikundi kile kilivunja kikoba kwa daftari. Walikuwa nalo, wameliandika mwaka mzima sambamba na app yangu bila kuniambia. Mama katibu akanieleza kwa upole tu kwamba mahesabu yametoka sawa, nisijali. Upole ule uliniuma kuliko angenitukana.

Usiku zamu ikabadilika. Akaingia dada mwingine, akafungua tiketi iliyofungwa, akaisoma yote. Akaandika kwamba kitambulisho kinatosha na kilikuwa kinatosha tangu mwanzo. Muda wa kuchemsha chai kila kitu kikarudi hewani, hakuna safu hata moja iliyopotea. Akaomba radhi, akaniwekea salio la dola tano kwenye akaunti. Hapo hasira ikashuka kidogo, nikawaza labda ni mtu mmoja tu, labda nyota tatu. Halafu nikakumbuka "anwani halisi" na nyota zikashuka tena. Maana kijana yule hakutunga sheria, alikuwa anaifuata. Kesho kadi ya mwingine wa Kigoma au Bukavu itakataa, na atakutana na zamu ya mchana.

Hivi sasa vikundi vyangu viko kwenye VPS, yaani seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe, ya kampuni nyingine, na Postgres nimeiweka mwenyewe ndani yake. Kazi imeongezeka: masasisho ni yangu, diski ikijaa ni yangu, usiku wa manane ni wangu. Kila usiku pg_dump, zana ya Postgres ya kunakili databesi, inatoa nakala nzima, inafungwa kwa ufunguo nilionao mimi, inakwenda kuhifadhiwa kwa kampuni ya tatu iliyofunguliwa kwa kadi tofauti na imeili tofauti. Na mara kwa mara naishusha kwenye laptopu naiwasha nione kama kweli inasimama, maana bekapu ambayo hujawahi kuirudisha ni faili tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, kwa hiyo mwenye app ya fedha aisome kabla ya kuchagua nchi, asisubiri aulizwe.

Kama unachagua sasa hivi, bei iache kwanza. Waandikie huduma kwa wateja kabla hujaweka kadi, waulize: malipo yakikataa mnasubiri siku ngapi, na akaunti ikiwa imefungwa naruhusiwa kupakua data yangu? Wakijibu kwa kiungo cha masharti, umeshajibiwa. Uliza pia kama unaweza kulipa mbele ukaweka salio, maana salio halitegemei matengenezo ya mtandao wa simu usiku. Wapo wanaokubali, na kwa sisi wa kadi za simu hilo lina thamani kuliko RAM ya ziada.

Hawa wa mwanzo siwapendekezi. Siwapendekezi kwa chochote chenye wateja, hasa wateja wanaokutana na kungoja. Kwa majaribio, sawa. Zile dola tano za radhi bado naziacha zijilie taratibu kwenye kaseva kangu ka kujaribia mambo, na lazima nikiri kanakimbia vizuri mno. Mwezi ujao zinaisha. Nimeangalia huku na kule, na kwa bei ile sijaona mwingine, kwa hiyo huenda nikaongeza. Huenda. Nikiongeza, naweka salio, kadi yangu hawaioni tena.